Nyuki Wasihame: Kutunza Mzinga Mwaka Mzima Kaunti ya Kitui

Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wafugaji wa nyuki wa Kitui. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Ukisafiri mwezi wa Septemba kutoka Mwingi hadi Mutomo, mizinga haikosekani njiani. Iko mizinga ya magogo, ile ambayo Wakamba huiita myatu, imelazwa kwenye matawi ya migunga. Iko ile ya mbao za juu, imetundikwa kwa waya kati ya miti miwili. Yako masanduku ya Langstroth yaliyopakwa rangi, mengine bado yana jina la mradi ulioyaleta. Lakini sogea karibu, ugonge kidogo kwa kidole na kusikiliza. Mzinga wenye nyuki hujibu kwa mvumo, kisha hutulia. Mingi haijibu.

Mtu ambaye mizinga yake haijibu Septemba, mara nyingi alikuwa na nyuki mwezi wa Juni. Alivuna, akauza, akalipa karo, na wiki chache baadaye kundi likaondoka. Baada ya hapo huomba mizinga mingine. Mzinga mpya hauwezi kuondoa shida hiyo, maana mzinga alikuwa nao. Alichopoteza ni nyuki, na nyuki hawakuondoka bila sababu.

Vitabu vingi vya ufugaji wa nyuki vimeandikiwa nchi za baridi kali. Huko nyuki hujifungia mzingani kwa miezi kadhaa, wakajikusanya pamoja kupata joto na kula akiba yao, kwa kuwa nje hakuna ua na hakuna pa kwenda. Nyuki wa Kitui, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, amezoea nchi ya namna nyingine. Hapa mvua inaweza kunyesha Zombe na isifike Mutha, na maua huifuata mvua. Kundi lililong'ang'ania mahali pakavu lilikufa, na lililojua kuondoka mapema likaishi na kuzaa. Kwa hiyo kundi likihama, si uchawi wa jirani, wala si kwamba nyuki wamemkataa mwenye mzinga. Limefanya hesabu ya chakula.

Inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuna kugawanyika, na kuna kuhama. Kugawanyika hutokea wakati wa neema: mvua imenyesha, maua ni mengi, mzinga umejaa. Malkia mzee huondoka na sehemu ya kundi, na nyuma hubaki nyuki wa kutosha wanaomlea malkia mpya. Hiyo si hasara kubwa, na mwenye mzinga mtupu ulio tayari karibu hapo huenda akapata kundi la pili bila jasho. Kuhama ni kundi zima kuondoka, na kunakoumiza wafugaji ni huko.

Kuhama kwa njaa huwa na dalili. Kwanza malkia hupunguza kutaga. Kisha masega hukosa mayai na majana machanga, yaani wale watoto wadogo wa nyuki, hata ikiwa bado kuna majana makubwa yaliyofunikwa. Nyuki kibarua huchukua siku zipatazo 20 tangu yai mpaka kutoka, na kundi linalojiandaa kuhama mara nyingi husubiri majana ya mwisho yatoke. Mfugaji anayeiona dalili hiyo mapema bado ana siku za kutenda jambo. Kundi lililovamiwa na siafu au lililochomwa kwa mwenge halingoji hata siku moja. Huacha majana na asali likaenda zake.

Mwaka wa nyuki huanza Oktoba

Kwa mfugaji wa Kitui, Januari si mwanzo wa mwaka. Mwaka huanza pale kikwata kinapochanua, mvua ya vuli ikiwa inakaribia, mara nyingi kabla mti haujatoa majani. Wataalamu waliupa mti huo jina la Acacia mellifera, na neno hilo la mwisho ndilo lile lile alilopewa nyuki: maana yake ni mleta asali. Wazee hawakuhitaji Kilatini kulijua hilo. Walipanda kuitundika myatu yao, kila mmoja na alama yake iliyochongwa, kabla ya maua hayo kufunguka.

Mzinga uwe tayari kufikia wakati huo, kwa sababu makundi yanayotafuta makao hupita msimu wa maua na mvua. Uliotundikwa Desemba umechelewa. Mzinga mtupu usafishwe, utando wa buibui na masega yaliyoliwa na nondo wa nta yatolewe, nyufa zizibwe, kisha nta ya nyuki ipakwe ndani, hasa pale masega yatakapoanzia. Harufu ya nta huwavuta nyuki kuliko dawa yoyote inayouzwa sokoni kwa kazi hiyo.

Kwa mwenye mzinga wa mbao za juu, aina ambayo ilianza kusambazwa nchini Kenya miaka ya 1970, kuna kipimo kimoja ambacho fundi asikikosee: kila mbao ya juu iwe na upana wa milimita 32. Ndiyo nafasi ambayo nyuki wa hapa huipa sega moja. Seremala akikata milimita 40 kwa sababu ndizo mbao alizokuwa nazo, nyuki watajenga sega likavuka kutoka mbao moja hadi nyingine, na siku ya kuvuna hakuna sega litakalotoka bila kupasuka. Mzinga mzuri umeharibiwa na milimita 8, na mwenyewe husema nyuki wake ni wakali.

Mzinga uwe kivulini, mbali na nyumba, njia ya shule, zizi na kisima. Mita 300 hivi kutoka kwenye makazi ni umbali wa busara. Uning'inizwe kwa waya, urefu wa kiuno kutoka ardhini, mahali ambapo nyegere hawezi kuufikia kwa kuparamia shina. Ikiwa uko mtini, shina lizungushiwe bati laini. Kucha za nyegere huteleza hapo. Waya zipakwe grisi kuzuia siafu na chungu, na nyasi zilizo chini zikatwe, maana unyasi mmoja unaogusa mzinga ni daraja la kutosha kwa jeshi zima.

Novemba na Desemba kundi hukua upesi. Huu ndio wakati wa kufungua na kutazama, pengine mara moja kila wiki tatu, kuanzia saa kumi na moja jioni, ili giza liwatulize nyuki kabla hawajafika kwa majirani. Bomba la moshi lijazwe kinyesi kikavu cha ng'ombe au magunzi. Vitambaa vyenye mafuta, plastiki na vipande vya tairi havifai. Moshi wake huua nyuki na kuingia katika asali. Anayefungua awe amevaa mavazi kamili, na asiwe peke yake. Akichomwa, akwangue mwiba upesi badala ya kuuminya. Mtu aliyevimba uso au anayepumua kwa shida apelekwe kituo cha afya papo hapo, wala asiachiwe apumzike chini ya mti.

Mavuno ndipo kuhama kunapoanzia

Mvua ya vuli ikiisha, asali hukomaa, na katika sehemu nyingi za kaunti mavuno ya kwanza huwa Januari au Februari. Mavuno ya pili hufuata mvua ya masika, Juni au Julai. Hata hivyo mwezi si kipimo. Kipimo ni sega. Asali iliyokomaa nyuki wenyewe huifunika kwa nta nyembamba. Sega ambalo robo tatu yake imefunikwa liko tayari. Lililo wazi bado lina maji mengi, na asali yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 huchacha ndani ya ndoo. Mnunuzi anayepima kwa kifaa ataikataa, na ana haki.

Katika mzinga wa mbao za juu, majana hukaa karibu na mlango na asali huwa mbali nao. Mfugaji huanzia upande wa mbali, akitoa sega moja moja, na husimama anapokutana na sega la kwanza lenye majana. Katika Langstroth, asali huchukuliwa sanduku la juu, na la chini haliguswi. Katika mwatu wa gogo, wazee walivuna upande mmoja, ule usio na majana, wakauacha mwingine. Aina tatu za mizinga, na kanuni ni ile ile.

Sasa swali la kiasi, ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Ni asali kiasi gani iachwe? Baada ya mavuno ya Februari, masega mawili au matatu yaliyojaa yanaweza kutosha, kwa kuwa mvua ya masika haiko mbali. Baada ya mavuno ya Juni au Julai hayatoshi. Mbele kuna Agosti, Septemba na huenda Oktoba nzima, ikiwa mvua itachelewa. Hapo yaachwe manne au matano, na katika maeneo makavu kama Tseikuru na Mutha, mfugaji mwenye kundi dogo asivune kabisa msimu huo.

Maneno haya huwa magumu kuyasikia, kwa sababu Juni na Julai ndiyo miezi ambayo pesa zinahitajika. Basi na tufanye hesabu. Sega moja lililojaa katika mzinga wa mbao za juu huwa na asali ya kilo moja au zaidi kidogo. Kuacha masega matano ni kuacha kilo 5 au 6 hivi. Kundi likihama kwa kukosa kilo hizo, mfugaji hana mavuno Februari. Hata kundi jipya likiingia mwezi wa Novemba, litaanza na mzinga mtupu, na kujenga masega kuna gharama yake: inakadiriwa kuwa nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo moja ya nta. Asali ambayo ingevunwa itaishia kwenye ujenzi. Kwa bei yoyote ile ya soko, aliyechukua masega yote Julai ameuza kilo 5 za leo kwa mavuno mazima ya kesho.

Kuna pia wizi, na haufai kupitwa kimya. Wapo wanaovuna mapema, asali ikiwa mbichi, kwa kuogopa kwamba wakingoja watakuta imeshaibwa. Wamelazimika, si wavivu. Njia iliyosaidia vikundi vingi ni kuweka mizinga ya wanachama pamoja katika eneo moja lenye uzio wa miiba na kupanga zamu ya ulinzi. Mizinga kumi inayolindwa ina faida kuliko thelathini iliyotawanyika vichakani.

Baada ya kuvuna, asali iingie mara moja katika ndoo safi ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unaobana. Ndoo ya rangi au ya dawa haifai hata ikioshwa mara ngapi. Sega lenye majana lisikamuliwe pamoja na asali. Ladha huharibika na unyevu huongezeka. Masega yaliyokamuliwa yasitupwe, kwa kuwa nta ina wanunuzi wake: yayeyushwe katika maji ya moto, yachujwe kwa gunia, yaachwe yapoe mpaka nta iganda juu.

Ndengu, mbaazi na dawa

Jambo moja halimo mikononi mwa mfugaji peke yake. Mashamba ya ndengu, kunde na mbaazi hupuliziwa dawa ya wadudu wakati wa maua, maana huo ndio wakati viwavi na wadudu wengine wanapoyashambulia. Maembe nayo huchanua miezi ya baridi na baadhi ya wenye miti hupulizia. Nyuki huenda kwenye maua hayo hayo. Asubuhi moja ya kupulizia inaweza kuacha rundo la nyuki waliokufa mbele ya mizinga yote ya kijiji.

Anayepulizia na anayefuga mara nyingi ni majirani, wakati mwingine ni mume na mke. Wanaweza kuelewana. Dawa ipuliziwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi, siku isiyo na upepo, na pale tu ambapo wadudu wameonekana, isiwe desturi ya kila wiki. Maandishi kwenye chupa husema kama dawa ni hatari kwa nyuki. Yasomwe kabla ya kununua. Mwenye shamba amwambie mwenye mizinga siku moja kabla, ili mizinga iliyo karibu zaidi ifunikwe au milango ipunguzwe kwa saa chache. Na mwenye embe akumbuke kwamba ua la mwembe huhitaji wadudu wa kulichavusha; akiwaua wote atapungukiwa na matunda.

Agosti na Septemba

Sasa kiangazi. Katika miezi hii kazi ya mfugaji si kufungua mzinga, ni kuuhifadhi. Kila ufunguaji ni usumbufu kwa kundi ambalo tayari linapima kama libaki au liondoke. Mara moja kwa mwezi inatosha, na kwa haraka.

Maji huja kwanza. Mtu yeyote aliyepanga foleni kwenye kioski cha maji mwezi wa Septemba amewaona nyuki wakijazana kwenye mfereji na midomo ya mitungi. Akina mama huchomwa, watoto hukimbia, na mwisho mtu huwachoma nyuki moto. Nyuki hao wana mwenyewe, na mwenyewe hakuwawekea maji. Karai moja lililowekwa kivulini karibu na mizinga, likiwa na mawe au vijiti vya kusimamia ili wasizame, na kujazwa kila siku bila kukosa, huwaondoa kioskini na kuwapa sababu ya kubaki. Kulijaza wiki moja na kuliacha wiki ya pili hakusaidii, kwani nyuki watakuwa wameshatafuta pengine.

Kisha kivuli. Nta hulegea kwa joto, na sega lenye asali linaweza kukatika na kuanguka. Mti uliotoa kivuli Mei huenda umepukutisha majani yote kufikia Agosti, hivyo kipaa cha makuti au nyasi kijengwe juu ya mzinga. Bati tupu bila nyasi juu yake ni tanuri.

Kundi hupungua kiangazi, na masega ya nyuma hubaki bila walinzi. Hapo ndipo nondo wa nta na mbawakawa wadogo weusi huingia. Masega matupu ambayo nyuki hawayafuniki tena yatolewe na kuyeyushwa, na mlango upunguzwe ili kundi dogo liweze kuulinda.

Mzinga ukikutwa hauna akiba, sukari inaweza kuliokoa kundi: kilo moja katika lita moja ya maji safi, ipozwe, iwekwe ndani ya mzinga jioni katika chombo kipana chenye vijiti vinavyoelea. Isimwagike nje, kwa kuwa harufu yake huwaita nyuki wa mizinga mingine kuja kupora, na huwaita siafu pia. Chakula hicho kikomeshwe mara tu maua yanapoanza. Anayeendelea kulisha wakati wa maua atavuna sukari na kuiuza kwa jina la asali, na jina la asali ya Kitui si la mtu mmoja kulichafua.

Mwisho wa Septemba, mfugaji anaweza kujua hali ya mzinga wake bila kuufungua. Asimame pembeni, si mbele ya mlango, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, akatazame miguu ya nyuki wanaoingia. Wakiwa wamebeba vibonge vya chavua, vya njano au rangi ya machungwa, kuna majana ndani yanayolishwa, na kundi linalolea majana halijaanza safari. Wakiingia na kutoka bila kitu chochote miguuni, siku tatu mfululizo, huku miti jirani ikiwa na maua, aufungue jioni hiyo hiyo na kutafuta mayai. Asipoyaona, amwite afisa wa mifugo wa wadi au mfugaji mzoefu wa karibu kabla ya wiki kwisha, na ayaandike aliyoyaona katika daftari: tarehe, idadi ya masega yenye nyuki, yenye asali na yenye majana. Daftari hilo ndilo la kubeba siku afisa atakapofika, pamoja na wino mwingine kidogo wa kuandika tarehe kikwata kitakapochanua.